Dawa Isiyo na Harufu

Aibu yetu sisi watu wa Bukavu ni hii: ziwa liko mlangoni, mvua inatupiga miezi tisa kwa mwaka mpaka nyumba zinateremka mlimani na watu wake ndani, na bado tuna kiu. Bomba la mji likitoa maji mara moja kwa majuma mawili, mtaa mzima unapiga vigelegele kama kuna arusi. Chemchemi ya kule juu, iliyowanywesha wazee wetu bila kumtia mtu ugonjwa, tumeiua wenyewe. Tuligawa viwanja juu yake, kila kiwanja kikapata nyumba, kila nyumba ikapata choo cha shimo, kisha tukaanza kushangaa eti maji yananuka. Ee, yanuke nini kingine? Halafu tunalaumu serikali, tunalaumu vita, tunalaumu miradi. Nawasimulieni habari za Maman Eulalie, ambaye alikuwa bora kuliko wengi wetu, na ndiyo maana habari yake inaniuma.

Kwenye mwalo wa Mabwe, pale watu wanapochota maji ya ziwa, hakuna asiyemjua. Mwanamke mfupi, mzaliwa wa Walungu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alikuja mjini ameolewa na mwalimu; mwalimu akafa, mabinti wakaolewa mbali, yeye akabaki na chumba kimoja cha mbao na kazi aliyopewa na mradi wa maji. Miaka sita alisimama pale ufukoni, tangu kupambazuka mpaka jua likae utosini, amevaa fulana ya rangi ya machungwa iliyochujuka, mkononi ameshika seringi, lile bomba la sindano bila sindano yenyewe. Kando yake ndoo yenye kifuniko, na ndani ya ndoo klore, dawa ya kuua vijidudu, iliyokolezwa vizuri. Ukichota maji yako ziwani unapita mbele yake, unafungua bidoni, kile kidumu chako cha maji, anakutilia mililita kumi, unafunga.

“Tikisa!” anakwambia. “Tikisa bidoni, si makalio! Na usinywe mbele ya nusu saa.”

Akiona bidoni yenye ukungu wa kijani ndani, ole wako. “Papa, bidoni yako iko na ndevu. Enda kainyoe na mchanga, njo urudi.” Mtu mzima na heshima zake anageuka, anakwenda kuisugua huku watu wanamcheka. Wenyewe walimpa jina la Maman Dawa, na msidhani halikumpendeza. Akiitwa hivyo barabarani shingo ilikuwa inanyooka.

Jina hilo hakulipata bure. Mwanzoni watu walimkataa kabisa. Walisema klore inafunga vizazi vya wanawake, inaharibu ladha ya maharage, inanuka kama hospitali. Eulalie akawa anajaza kikombe mbele ya kila mbishi, anakunywa mpaka tone la mwisho, anauliza, “Nimekufa?” Miaka miwili alikunywa maji mbele ya watu namna hiyo. Ngozi ya vidole vyake ikawa nyeupe, ikapasuka kwenye viungo, kwa sababu ile dawa ikiwa bado kali inaunguza.

Kisha, mwaka wa tatu, dawa ilikatika siku tano. Eulalie akafanya kama alivyofundishwa: akawaambia watu ukweli. “Dawa haiko. Mukifika nyumbani muchemshe.” Walichemsha? Wachache. Wengine walisema, kama dawa haiko, kwa nini nitembee mpaka Mabwe na mgongo wangu huu? Wakachota karibu na kwao, pale mfereji mkubwa unapoingia ziwani na uchafu wa mlima mzima. Dawa ilirudi siku ya sita, lakini watu hawakurudi mpaka mvua zilipokwisha. Kolera ilichukua watu tisa kwenye avenyu ile moja tu. Eulalie aliwajua wote kwa majina na kwa bidoni zao. Aliapa mbele ya sanamu ya Bikira Maria kwamba mstari wa Mabwe hautavunjika tena mikononi mwake. Nawaomba mkumbuke kiapo hicho, maana bila hicho mtamwona mwanamke mwongo tu, na hakuwa hivyo.

Watu wa mradi, kusema haki, walituonya. Kila mwaka walituita kwenye semina, wakatupa soda, wakasema: iko siku sisi tutaondoka, undeni kamati yenu, zungushieni chemchemi ua, hamisheni vyoo vinne vilivyo juu yake, chimbeni matangi ya mvua chini ya mabati yenu, tafuteni dawa yenu wenyewe. Tuliitika vizuri sana. Tulipiga makofi, tukamaliza soda, tukarudi nyumbani. Hata choo kimoja hakikuhama.

Mwaka ule vita vilipoingia mjini, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, na dawa ilikuwa inakuja kwa ndege. Floribert, msimamizi wa mradi, kijana mpole aliyekuwa akipita na moto yake, yaani pikipiki, kila Jumatatu, alimletea Eulalie dumu moja la unga wa klore. Hakuzima hata injini.

“Maman, tumia pole pole. Ingine inakuya.”

“Lini?”

“Siku kidogo tu. Ukiona iko karibu kuisha, unipigie.”

Eulalie alipompigia, simu ilikuwa haipiti. Akapiga kesho yake, haipiti. Akaenda mpaka kwenye ofisi ya mradi, akakuta mlinzi amekaa juu ya tofali, lango limefungwa, mlinzi mwenyewe hajui wakubwa wameelekea wapi. Alirudi kwa miguu, akihesabu kichwani vijiko vilivyobaki.

Akaanza kubana. Kutoka mililita kumi akashuka mpaka tano. Kutoka tano mpaka mbili. Alijua vizuri kwamba mbili haiui kitu, lakini mkono wake ulikuwa unatilia, na watu walikuwa wanaona mkono unatilia. Siku ya Alhamisi asubuhi alikwangua dumu kwa kijiko, akapata vumbi lisilotosha kufunika ukucha.

Akateremka Mabwe hivyo hivyo. Njiani alikuwa ameshapanga maneno: dawa haiko, muchemshe. Alipofika, bidoni zilikuwa zimejipanga toka majini mpaka barabarani, za njano, za bluu, nyingine zimefungwa kwa mfuko wa plastiki badala ya kifuniko. Alizitazama. Aliona mfereji kule upande wa pili, mweusi, unamwaga. Akachota maji ya ziwa kwa ndoo yake ya dawa, kama mtu anayeisuuza, akabaki ameishika. Mwanamke wa kwanza akaweka bidoni mbele yake.

“Dawa iko?”

“Iko,” Eulalie akasema.

Ilikuwa rahisi namna hiyo. Akavuta maji ya ziwa kwa seringi, akayatia kwenye maji ya ziwa, akasema tikisa. Moyoni alijiambia: siku tatu. Floribert hawezi kupita siku tatu.

Wanaomlaani leo wanasahau kitu kimoja. Wao wenyewe walifurahi! Wiki haijaisha watu wakaanza kumsifu. “Maman Dawa, hii dawa ya siku hizi iko muzuri, haina tena ile harufu!” “Chai inarudia kuwa chai!” Muzee mmoja aliyekuwa akinung’unika miaka sita alimshika mkono, akambariki. Eulalie alikuwa na nafasi pale. Angesema. Badala yake akasema, “Iko mupya.” Uongo wa kwanza ulikuwa wa neno moja, huu wa pili ndio uliowalaza watu usingizi, maana sasa hata mwenye pua kali hakuwa na la kushuku.

Siku tatu zikawa wiki. Wiki ikawa wiki mbili. Kila asubuhi alishuka akisema leo nitasema, na kila asubuhi mstari ulikuwa mrefu zaidi, kwa sababu maji ya Mabwe sasa yalikuwa na sifa ya utamu, watu walikuwa wanatoka hata mitaa ya juu. Angewaambiaje? Aibu ilikuwa imeshakuwa kubwa kuliko hofu. Ndivyo aibu ilivyo. Ukiilaza siku moja ndani ya nyumba yako, kesho imeshatandika kitanda.

Na hapa ndipo ninapomkasirikia, sitaficha. Yeye mwenyewe hakuyanywa. Kila alasiri aliwasha mbabula yake ya makala, yaani jiko la makaa, akabandika sufuria, akachemsha maji yake mpaka yatokote sana, akayamimina kwenye thermosi. Alifunga mlango akifanya hivyo. Mtu akipita alisema anapika chai.

Jirani yake, wa ukuta mmoja wa mbao, alikuwa Georgette. Hawa wawili walikuwa dada kasoro damu tu. Walikuwa shirika moja kanisani, walikopeshana chumvi, walisukana nywele, na mume wa Georgette, Papa Télesphore, seremala mwenye maneno machache, ndiye aliyemtengenezea Eulalie mlango, kitanda, na kisturi cha kukalia kule mwaloni miguu ikichoka. Georgette ndiye aliyeona mikono.

“Eulalie, leta vidole. Angalia! Vimepona!” Akavigeuza geuza kama anachagua nyanya. “Mungu ni mwema. Kumbe dawa ya zamani njo ilikuwa inakuua.”

Eulalie akavuta mikono yake, akasema ana nguo za kufua.

Wiki tatu na siku moja baada ya lile dumu kukwanguliwa, Ijumaa, kabla hajashuka ziwani, alisikia Georgette akimwita kwa sauti aliyoifahamu. Akaingia. Télesphore alikuwa amelala chini juu ya mkeka, macho yameingia ndani, midomo mikavu, na yaliyokuwa yanamtoka yalikuwa maji matupu, meupe kama ya kuoshea mchele. Eulalie aliwahi kuona watu tisa namna hiyo. Hakuhitaji daktari.

“Mumupeleke kituo cha kolera,” akasema. “Sasa hivi. Mutafute moto, mumufunge mgongoni. Musingoje.”

Murhula, mdogo wake Télesphore, mtu wa hasira za karibu, alikuwa ameshafika. Alimtazama Eulalie kama aliyetukanwa.

“Kolera? Kolera itoke wapi, maman? Hii nyumba haijakunywa maji ya mufereji ata siku moja. Sisi tunakunywaka maji yako.”

“Njo vile,” Georgette akasema huku analia. “Maji yako tu, Eulalie. Ata ya kunawa mikono.”

Eulalie alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, tayari, sentensi moja fupi isiyomaliza hata pumzi. Akafunga mdomo.

Basi, kama si kolera, ni nini? Kwetu swali hilo lina jibu moja, na halikawii. Mtu mzima aliyelala vizuri, akaamka anaendesha na kutapika mpaka macho yanazama, na maji anayokunywa ni safi: huyo amepewa karuho. Hiyo ndiyo sumu yetu, ya kutiliwa kwenye chakula na mtu mwenye kinyongo. Kila familia ina hadithi yake ya karuho. Murhula akauliza kaka yake alikula wapi jana. Ikajulikana kwamba alikunywa uji na kula maandazi kwa Mwanvita.

Mwanvita huyu alikuwa mjane, wa zile familia za Waislamu wafanyabiashara wa Uvira, miaka kumi na zaidi ana kibanda chake cha uji pale juu ya mwalo. Uji wake ulikuwa mzuri, ulimi wake mkali. Na juma lile lile walikuwa wamegombana na Télesphore juu ya benchi alilomtengenezea, lililokuwa linachezacheza mguu mmoja. Alimwambia mbele ya wateja kwamba hajui kupima. Kinyongo kikapatikana. Mambo yote yakakaa mahali pake vizuri kabisa, isipokuwa ukweli.

Mgonjwa wa karuho hapelekwi kwa daktari. Inasemekana sindano ya serumu, yale maji ya mshipani, inamwua papo hapo. Anapelekwa kwa muganga wa karuho, anapewa majani ya kumtapisha. Wakamfunga Télesphore kwenye kitanda cha kubebea, wakampandisha mlimani. Mtu aliyekwisha kauka, wakaenda kumkausha zaidi.

“Basi angalau mumupe maji ya chumvi na sukari,” Eulalie alisema akiwafuata.

Georgette akachota kikombe kwenye bidoni ya nyumbani. Eulalie alikiona kikombe kile, akakinyakua, akamwaga, akakimbia kuleta thermosi yake. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Lakini muganga alikataza mgonjwa asinywe kitu mpaka sumu itoke, na thermosi ikarudi jinsi ilivyokwenda, imejaa.

Télesphore alikufa Jumamosi saa sita mchana. Walimzika siku ile ile.

Nyumba tano nyingine zilikuwa na mgonjwa mmoja mmoja kufikia Jumapili. Na kwa kuwa uji wa Mwanvita ulinywewa na mtaa mzima, kila nyumba ilikumbuka kwamba mtu wao alipita pale. Wale watano walipandishwa mlimani nao. Jumapili jioni kibanda cha uji kilipinduliwa, sufuria zikatupwa ziwani, na mawe yakaanza kulia juu ya mabati ya Mwanvita. Alijifungia ndani na binti yake.

Jumatatu asubuhi na mapema alitoka kwa mlango wa nyuma, akapita katikati ya migomba mpaka kwa Eulalie. Alikuwa amejifunga kanga mbili, ya pili kichwani, na chini ya jicho ana jeraha la jiwe.

“Maman Eulalie, batu banakusikiaka. Unisemee,” akasema. Hakukaa hata alipopewa kisturi. “Miye sikuua mutu. Yule muzee tuligombana juu ya benchi, kesho yake alikuya akaikomea misumari, tukacheka. Nani anaweza kuua mutu juu ya benchi?”

“Najua haukuua.”

“Ukijua wewe, inanisaidia nini? Enda ukabambie bale. Murhula amesema leo saa tisa banakuya kunitosha inje ya nyumba. Uvira siwezi kufika, barabara iko na masasi ya vita. Na binti yangu iko ndani.” Akamshika Eulalie mabega. “Bakisikia kwako, itaisha.”

Eulalie akamwambia arudi afunge mlango, atakwenda. Mwanvita akambusu mikono, vile vidole vilivyopona, akaondoka kwa njia aliyojia.

Kutwa nzima ile Eulalie hakushuka ziwani. Alikaa kitandani, kitanda cha mkono wa Télesphore. Msidhani hakujaribu njia nyingine. Aliwaza aseme kwamba dawa mpya ilikuwa mbovu, imekuja imeharibika, kosa la kiwandani. Aliwaza aseme Floribert ndiye aliyemdanganya. Floribert hayupo, hatakuja kukana. Aliwaza atoroke Walungu kwa kaka yake. Kila njia aliyoiwaza ilimwacha Mwanvita ndani ya nyumba yake na mawe juu ya bati. Kwa miaka sita alikuwa amewaambia watu wapime kwa mililita. Sasa alikuwa anatafuta kiasi cha ukweli ambacho kingemwokoa Mwanvita bila kumwua yeye, na kiasi hicho hakikuwepo.

Saa nane na nusu alichukua ndoo yake na seringi, akaenda kwenye kilio.

Uwanja wa Georgette ulikuwa umejaa. Wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, wanaume kwenye mbao alizoziacha marehemu bila kuzipiga randa, vijana wamesimama ukutani na Murhula mbele yao, hawajakaa tangu asubuhi. Baadhi walikuwa na fimbo. Eulalie alipoingia watu walimpisha, wanawake wakasogeza mkeka, mtu akasema, “Karibu, Maman Dawa.” Heshima ile nusura imrudishe nyumbani.

Hakukaa. Aliweka ndoo katikati.

“Mwanvita hakuua mutu,” akasema. Sauti yake kubwa haikutoka. Ilitoka ndogo, akalazimika kurudia. “Mwanvita hakuua mutu. Télesphore alikufa na kolera.”

“Maman, tulishakuambia,” Murhula akasema, kwa upole wa kujilazimisha. “Kolera haiingiake kwa maji yako.”

Eulalie akavuta seringi nzima kutoka ndooni, akaielekeza mdomoni mwake, akaisukuma yote. Mwanamke mmoja akapiga ukelele, kwa sababu kila mama wa Mabwe alijua dawa ile kabla haijachanganywa inaunguza koo. Watoto walikuwa wanafukuzwa mbali na ndoo ile. Eulalie akameza. Akavuta tena, akanywa tena. Kisha akamkabidhi Murhula seringi.

“Kunywa. Ni ziwa. Maji ya ziwa tu.”

“Hii ni dawa mupya…”

“Hakuna dawa mupya. Haijawahi kuwa dawa mupya! Dawa iliisha. Floribert haji tena. Nilikuwa nabatilia maji ndani ya maji.”

Kule nyuma mtu mmoja alicheka, kile kicheko kinachomtoka mtu asipojua afanye nini na uso wake.

“Tangu lini?” aliuliza mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

“Wiki tatu na siku ine.”

Mwanamke yule akakaza mbeleko. Aliinuka, akakimbia kwake, na wote walielewa anakimbilia nini, maana mwingine akainuka, na mwingine, mpaka mikeka ikabaki mitupu upande mmoja. Ukutani vijana walikuwa wanatazamana. Fimbo mikononi mwao hazikuwa tena na mahali pa kwenda, isipokuwa pale alipokuwa amesimama Eulalie.

“Balio mulimani,” Eulalie akasema haraka, akiogopa hatapewa muda wa kumaliza, “bale wagonjwa batano, mubashushe leo. Mubapeleke kituo, baweke serumu, bado bataishi. Maji ya nyumbani muyachemshe yote, ata ya kunawa. Asiye na makala aweke chupa juu ya bati, jua likae juu yake kutwa nzima, njo anywe. Na musirudie mufereji. Nabaomba. Munipige, lakini musirudie mufereji.”

Murhula alikuwa amemfikia. Mkono wake ulikuwa juu, ngumi imefungwa, na Eulalie hakujikinga. Nadhani hata alikuwa anaingoja.

“Umwache,” Georgette akasema.

Alikuwa ameketi kwenye kizingiti, kitenge cha kilio kichwani, tangu mwanzo hajasogea. Murhula akashusha mkono, lakini hakurudi nyuma. Wakati huo vijana wawili walikuwa wameshatoka langoni wakikimbia kuelekea mlimani, na fimbo zao wameziacha chini. Hakuna aliyekumbuka tena nyumba ya Mwanvita. Angalau hilo lilifanyika.

Georgette alimtazama rafiki yake. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na uso wa mtu anayefanya hesabu ngumu na kuirudia, akitumaini amekosea.

“Na weye, Eulalie?” akauliza. “Hizi siku zote, weye ulikuwa unakunywa nini?”

Eulalie angeweza kudanganya mara ya tatu. Mdomo ulikuwa umeshazoea.

“Nilikuwa nachemsha,” akasema.

Georgette akaitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili. Kisha akageuka akautazama ukuta wa mbao unaogawa nyumba zao, ukuta mwembamba kiasi kwamba mmoja akikohoa mwingine anamwambia pole.

“Ungegonga tu,” akasema.